Mgeni Katika Nyumba Yake

Desemba ni mwezi wa kuvunja kikoba, na katibu ambaye hesabu zake hazijakaa sawa mwezi huo hahitaji kutafutiwa adui mwingine. Akina mama wanataka kujua hisa zao zimefika ngapi, riba ya mikopo imezaa nini, na mfuko wa jamii umebaki na kiasi gani. Wanataka jibu la shilingi, si la makadirio. Katibu wa kikoba chetu ni mimi, na hesabu zote zinakaa kwenye jedwali la Excel, ndani ya kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni kwetu, Tabata.

Shida ni kwamba sebule si yangu. Sebule ni ya mama mkwe. Alikuja mjini kutibiwa macho. Macho yakapona, mama akabaki, nasi tukashukuru, maana nyumba yenye mtu mzima haikosi baraka. Lakini macho yalipopona yalitaka kazi, na kazi yakaipata kwenye kompyuta ya mezani: tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Akishakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, hakuna mkwe aliyelelewa vizuri atakayemwambia, "Mama, naomba unipishe niandike marejesho." Mimi natumia laptopu yangu chumbani. Mweka hazina wetu, jirani wa nyumba ya tatu, hana kompyuta. Huja jioni, hungoja sehemu ya siku hiyo iishe, ndipo huingiza malipo kwenye mashine ya sebuleni.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa na nakala yake, na nakala ndizo zilizotuponza. Jedwali lilianza maisha kwa jina la heshima, "Hesabu". Ikafuata "Hesabu mpya", halafu "Hesabu mwisho", halafu "Hesabu mwisho kabisa", na hatimaye moja iliyobatizwa "Hesabu hii ndiyo". Katika "Hesabu mwisho kabisa" kuna mama alikuwa amemaliza mkopo wake na amestahili pongezi. Katika "Hesabu hii ndiyo" mama huyo huyo bado alikuwa anadaiwa, na yeye si mtu wa kudaiwa mara mbili akanyamaza.

Fleshi haikuwa ya kutegemewa. Mume wangu aliipiga marufuku siku iliyorudi kutoka kwenye steshenari ya mtaani ikiwa folda zake zote zimegeuka njia za mkato. Ukibofya hakifunguki kitu cha maana, ila kirusi ndicho kinachopata nafasi ya kuhamia mashine nyingine. Tulihamia WhatsApp. Faili likawa linatoka sebuleni, linakwenda mpaka kwenye seva zilizo nje ya nchi, kisha linarudi chumbani kwangu, ukuta mmoja tu kutoka lilipoanzia, tena likiwa limezaa nakala nyingine.

"Lakini mashine zote mbili ziko kwenye waifai ya nyumba hii hii," alisema Baba Watoto siku moja wakati wa chakula. "Faili likae sehemu moja tu, huko sebuleni, halafu kila mtu alifungue kutoka alipo."

Wazo lilikuwa zuri, na kwa kweli halikuwa geni. Kompyuta zimekuwa zikishirikiana mafaili namna hiyo tangu miaka ya 1980. Nilifungua laptopu, nikabofya alama ya mtandao, nikasubiri kuona jina la kompyuta ya sebuleni. Windows ikatafuta sana, mwisho ikaleta ukurasa mweupe. Intaneti ilikuwepo pande zote mbili: sebuleni mama mkwe alikuwa anamsikiliza mwanamke wa Istanbul akilia, chumbani mimi nilikuwa nasoma barua pepe. Lakini laptopu yangu iliapa kwamba nyumba hii haina kompyuta nyingine zaidi yake.

Baba Watoto ana dawa moja kwa kila kitu chenye plagi: zima, washa. Aliizima ruta, akaiwasha. Akazima kompyuta ya mezani mwanamke wa Istanbul akiwa katikati ya kilio, jambo lililomgharimu maneno kadhaa kutoka kwa mama yake mzazi. Akaizima laptopu. Nadhani hata friji ilizimwa siku ile, sijui ilihusikaje. Kila kitu kiliporudi, ukurasa ulikuwa mweupe kama mwanzo.

Akampigia mdogo wake. Shemeji ana kibanda cha kutengeneza simu Kariakoo, na sitamnyima sifa yake: mpe simu iliyotumbukia kwenye ndoo, ataifufua. Alifika jioni na begi lake la mgongoni.

"Shikamoo mama. Shemeji, habari za hapa?"

"Nzuri, shemeji. Karibu, chai ipo."

Chai alisema itasubiri. Aliitazama laptopu kwa muda usiotosha kusoma ukurasa mmoja, akatoa hukumu. "Hiki ni kirusi, shemeji. Tunafomati zote mbili, naziwekea Windows mpya. Saa mbili tu, kazi imekwisha."

"Na hesabu za kikoba?"

"Hizo tunaziweka kwenye fleshi kwanza."

Baba Watoto akakohoa, na wazo la kufomati likaahirishwa. Shemeji akageukia tiba ya pili. Akazima faiawoli, ile programu inayochuja maunganisho yanayobisha hodi kwenye kompyuta, kisha akazima na programu ya kuzuia virusi, kwenye mashine zote mbili. "Hizi ndizo zinazobana," alituhakikishia. Tukajaribu. Weupe ule ule.

Binti yetu, aliye kidato cha tatu, alikuwa amekaa pembeni na ungo wa mchele akichambua. Bila kuinua kichwa akasema, "Ba'mdogo, kama ulinzi wote umeondolewa na bado hazionani, basi tatizo haliko kwenye ulinzi. Turudishe kwanza."

Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo sentensi iliyookoa kikoba. Shemeji alikuwa ameipata habari muhimu bila kuitambua: unapotoa kizuizi na hali isibadilike, umejua kwamba hitilafu iko chini zaidi yake. Kukiacha kizuizi hicho kimezimwa baada ya hapo ni kuacha mlango wazi usio na kosa lolote. Ulinzi ukawashwa upya. Ungo ukawekwa chini.

Binti alifungua lile dirisha jeusi ambalo watu wazima tunaliogopa, akaandika *ipconfig*, akabonyeza. Mistari ikamwagika. Katikati yake akatafuta ulioandikwa IPv4, akaunakili nyuma ya daftari la kikoba, kisha akaenda sebuleni akafanya vivyo hivyo. Kompyuta ya mezani ilikuwa 192.168.0.104. Laptopu yangu ilikuwa 192.168.20.15.

Hizo namba ndizo anwani za mashine ndani ya nyumba. Ruta, kama balozi wa nyumba kumi, humpokea kila anayehamia, humpa namba, na humwandika kwenye daftari lake. Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa rasmi miaka ya 1990 kwa ajili ya mitandao ya ndani, ndiyo maana nyumba ya jirani inaweza kuwa na mashine yenye namba ile ile ya kwako na pasitokee ugomvi. Ukiona badala yake namba inayoanza na 169.254, jua mashine haikupewa anwani na ruta yoyote. Imejipa yenyewe baada ya kusubiri bure, na hapo tatizo ni waifai au ruta kabla ya jambo lingine lolote. Mashine zetu zilikuwa na anwani halali. Ila fungu la tatu la namba lilitofautiana: moja 0, nyingine 20. Kwenye ruta za nyumbani jinsi zinavyokuja kutoka dukani, tofauti hiyo maana yake ni kwamba mashine haziko kwenye mtandao mmoja.

Binti akabofya alama ya waifai kwenye laptopu yangu, akatazama jina la mtandao, akacheka.

"Mama, wewe uko kwenye waifai ya wageni."

Mama mkwe akaisimamisha tamthilia, kitendo ambacho kwa desturi hukifanya akisikia adhana tu. "Ati nini? Miaka yote hii ya ndoa, mkwe wangu, bado umeandikishwa mgeni?"

Historia yake ilipatikana baada ya mahojiano mafupi. Kuna vijana waliokuwa wakija jioni kukaa kwenye msingi wa ukuta wetu na simu zao, na bando letu likawa linaisha katikati ya mwezi. Baba Watoto akabadilisha neno la siri la mtandao mkuu, akaweka moja refu lenye herufi kubwa, namba na alama za kila aina, akaliandika mahali anapopajua yeye. Kwa wageni akafungua mtandao wa pembeni wenye neno jepesi. Laptopu yangu ilipokataa kuingia kwa neno la zamani, kitinda mimba wetu akaiunganisha kwa neno analolijua, akarudi kucheza. Intaneti ikaja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza imepitia mlango gani.

Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi uwe hivyo. Anayeingia huko hupewa intaneti, lakini ruta haimruhusu kuziona kompyuta, printa wala diski za wenye nyumba, na mara nyingi wageni wenyewe kwa wenyewe hawaonani pia. Kwenye ruta nyingine wageni hupewa namba za fungu tofauti kama ilivyokuwa kwetu. Kwenye nyingine namba hufanana na utengano hufanyika kimyakimya, kwa hiyo lisomwe na jina la waifai, si namba peke yake.

Kuna ndugu yetu Mbezi ambaye ugonjwa wake ulifanana na wetu, chanzo kikawa kingine. Kuta za matofali zilikuwa zinakata mawimbi, akanunua ruta ya pili akaiweka koridoni. Ruta ile nayo ikaanza kugawa anwani zake, nyumba ikawa na mitandao miwili bila mtu kukusudia, kwa maana matangazo ambayo mashine hutumia kujitambulisha kwa wenzake hayavuki ruta. Kwake dawa ilikuwa kuizuia ruta ya pili isigawe anwani, kuipa yenyewe anwani ya mtandao mkuu isiyogombaniwa, na kuuhamisha waya unaotoka kwenye ruta kuu kutoka tundu la intaneti kwenda mojawapo ya matundu ya kawaida. Ikabaki kusambaza mawimbi tu, mtandao ukarudi kuwa mmoja.

Baba Watoto alilitoa lile neno refu kwenye kijikaratasi ndani ya pochi, akalisoma herufi moja moja kwa sauti ya mtu anayetoa mahari. Laptopu ikapewa 192.168.0.109. Binti akaandika *ping* na anwani ya kompyuta ya mezani, amri inayotuma salamu nne na kusubiri majibu. Salamu zikaenda. Hakuna iliyoitikiwa.

"Mnaona?" Shemeji akasema. "Kirusi."

Haikuwa kirusi. Windows, inapoingia kwenye waifai mpya, hutaka kujua kama mtandao huo ni wa kuaminika. Asiyeiambia huhesabiwa kuwa amesema hapana. Pale kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta ya sebuleni paliandikwa "Public", yaani mashine ile ilidhani imekaa hotelini au uwanja wa ndege. Ikiwa katika hali hiyo hujificha: haitangazi jina lake, haiitikii salamu, wala haipokei maombi ya mafaili. Ni tabia njema kwa laptopu inayosafiri. Kwa kompyuta ambayo haijawahi kutoka sebuleni Tabata, ni woga wa bure. Binti akaibadilisha kuwa "Private", akafanya vivyo hivyo kwenye laptopu, akahakikisha kwamba ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa mafaili na printa vimewashwa kwa hali hiyo binafsi peke yake. Akatuma salamu tena. Mistari minne ya majibu ikashuka kwenye lile dirisha jeusi, na baada ya muda kidogo jina la kompyuta ya mezani likatokea kwenye laptopu yangu.

Nikalibofya kabla halijabadilisha mawazo. Likaja dirisha: weka jina na neno la siri.

Jina na neno la nani? Nikaweka namba nne ninazofungulia laptopu kila asubuhi. Zikakataliwa, na zitakataliwa kwa kila mtu, kwa sababu PIN ya Windows ni ya mashine ile uliyoiwekea, haisafiri mtandaoni. Kinachotakiwa ni jina la akaunti iliyoko kwenye kompyuta unayoiomba faili, pamoja na neno lake la siri. Na akaunti ya kompyuta ya mezani haikuwa na neno la siri lolote. Ungedhani hiyo ingerahisisha mambo. Kumbe Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, akaunti isiyo na neno la siri huiruhusu kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine tu. Ombi linalotoka mtandaoni kwa akaunti hiyo hulirudisha.

"Basi tuiwekee neno la siri," alisema Baba Watoto.

Mama mkwe akakizungusha kiti taratibu mpaka akatazamana naye. "Mwanangu, nyumba yako hii, nifungiwe televisheni?"

Baba Watoto akaomba radhi. Mjadala ukafungwa.

Shemeji alikuwa na njia ya mkato, na nakiri njia zake za mkato zinavutia mtu mwenye haraka. Ushirikishaji usiodai neno la siri uwashwe. Diski nzima ya C ifunguliwe kwa kila mtu. Na kwa kuwa alikuwa ameona video inayosema hivyo, ile sehemu ya zamani ya Windows iitwayo SMB1 irudishwe. Kila moja ya hizo ingeweza kufanya faili lionekane. Kila moja ilizimwa au ilikatazwa kwa sababu.

SMB ndiyo lugha ambayo kompyuta za Windows huzungumza zinapopeana mafaili. Ilianzia IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, Microsoft ikaichukua na kuikuza, na toleo lake la kwanza likadumu kuliko ilivyostahili. Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipitia kasoro iliyokuwa kwenye toleo hilo, ikaruka kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubofya kitu, ikafunga mafaili na kudai fidia. Ilifika katika nchi zipatazo 150. Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kasoro hiyo Microsoft ilikuwa imekitoa tangu Machi, lakini mashine nyingi hazikuwa zimesasishwa. Kuanzia matoleo ya Windows 10 ya mwishoni mwa mwaka ule, toleo hilo la zamani halisakinishwi tena kama zamani, na pale linapobaki kwa sehemu hujiondoa lisipotumika. Mwaka uliofuata, 2018, Windows 10 iliondoa pia ule utaratibu rahisi wa HomeGroup ambao wengi waliuzoea tangu Windows 7. Ndiyo maana maelekezo mengi ya zamani hayafanyi kazi leo, na yanayofanya kazi mengine ni ya hatari. Kompyuta mbili za miaka ya karibuni hazihitaji SMB1 kupeana faili la kikoba. Na diski nzima kufunguliwa kwa kila mtu maana yake ni kwamba kirusi kikiingia kwenye laptopu moja, picha za harusi, vyeti vya watoto na hati ya kiwanja vyote viko mikononi mwake.

Binti akaleta suluhu ambayo hata bibi yake aliipigia makofi. Kwenye kompyuta ya mezani aliunda akaunti nyingine, ya kawaida isiyo na madaraka, akaiita kikoba na kuipa neno la siri. Ile ya bibi ikabaki ilivyokuwa, wazi, na tamthilia zake. Akatengeneza folda moja, akaishirikisha kwa akaunti ya kikoba peke yake. Kwenye laptopu nikaweka jina hilo na neno lake, nikaiambia ikumbuke. Folda ikafunguka. "Hesabu hii ndiyo" ilikuwa imelala humo peke yake. Ndugu zake wote tulikuwa tumekwisha kuwakusanya kwenye folda ya kumbukumbu.

Nikaandika rejesho la kwanza, nikahifadhi. Ikakataa: huna ruhusa.

Hapa hata binti alivuta pumzi. Folda inayoshirikishwa ina ruhusa za aina mbili. Moja ni ya mlango wa mtandao, nyingine ni ya folda yenyewe kwenye diski, na anayeingia kwa njia ya mtandao hupimwa kwa zote mbili. Iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Mlangoni akaunti ya kikoba ilikuwa imepewa kusoma tu. Ikaongezewa kuandika, pande zote mbili zikakubaliana, rejesho likaingia.

Jioni ile mweka hazina alipolifungua jedwali sebuleni wakati mimi nimelifungua chumbani, Excel ilimwambia kwamba faili linatumika na mtu mwingine, anaweza kulisoma lakini asubiri kuliandika. Akapaza sauti kupitia ukuta: "Katibu, toka kwenye hesabu!" Nikatoka. Kwa mara ya kwanza kikoba chetu kilikuwa na jedwali moja, lenye mwandishi mmoja kwa wakati mmoja.

Haikuishia hapo, maana nyumba ina watu. Umeme ulikatika usiku, uliporudi ruta ikawagawia wakazi namba upya, na kompyuta ya mezani ikaamka ikiwa 192.168.0.107. Njia ya mkato niliyoiweka kwenye laptopu ilikuwa imeandikwa kwa namba ya zamani, ikawa inabisha kwenye nyumba isiyo na mtu. Kwenye mipangilio ya ruta upo uwezo wa kuitengea mashine namba yake ya kudumu, nasi tukaitengea. Njia ya mkato tukaiandika upya kwa jina la kompyuta badala ya namba.

Asubuhi iliyofuata kompyuta ikatoweka tena. Waifai ile ile, hali ni "Private", ruhusa zimekaa sawa. Salamu nne, kimya. Shemeji alipopigiwa simu alisema kile alichosema siku ya kwanza. Nilipokwenda sebuleni nikamkuta mama mkwe anakunywa uji, na nyuma ya kompyuta swichi ya ukutani imezimwa.

"Nimeizima, mkwe wangu," alisema kwa utulivu. "Usiku kucha inakula LUKU bila mtu kuiangalia."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Kompyuta iliyozimwa, au iliyosinzia, haiwezi kumgawia mtu faili. Tukapatana: mashine iwake kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, isisinzie katika muda huo, na mwenye swichi ni mama. Wanachama wanaotaka taarifa nje ya saa hizo wangoje. Siku ya kuvunja kikoba ilipofika, fedha za mezani na namba za kwenye jedwali zilifanana, na yule mama wa mkopo uliolipwa aliondoka na hisa zake akicheka.

Kwa nyumba nyingine yenye mashine zisizoonana, ukaguzi uanzie chini kwenda juu. Kwanza kompyuta inayotunza faili iwe imewashwa na haijasinzia. Pili, jina la waifai liwe moja, si la wageni upande mmoja. Tatu, anwani ziwe za fungu moja. Nne, mtandao wa nyumbani utambulike kuwa binafsi kwenye mashine zote. Tano, salamu iitikiwe. Sita, akaunti yenye neno la siri, na ruhusa kwa folda inayohusika tu. Usiruke hatua, na usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, maana ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Na folda ya kushirikiana si nakala ya akiba: diski ikifa, itakufa na hesabu za wote, kwa hiyo nakala ya pili ikae kwenye diski ya nje, ndani ya kabati.

Hakuna hata kizuizi kimoja kati ya tulivyokutana navyo kilichokuwa kimeharibika. Mtandao wa wageni ulifanya kazi yake, hali ya umma ilifanya kazi yake, sharti la neno la siri vivyo hivyo; kila kimoja kilitaka kuelezwa nani ni wa nyumbani. Kwa hiyo fundi anayeanza kwa kuzima ulinzi wote, au kwa kufomati, bado hajautafuta ugonjwa. Mpe chai, mpe na nauli, na laptopu yako ibaki nyumbani.